Kusajili chapa ya asali Uganda: pesa zinakwenda wapi hasa?

Swali

Wakili, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunafunga asali hapa Arua na tunaiuza kwa jina la Asali Safi Arua. Mwaka juzi tulisajili jina la biashara na cheti tunacho. Sasa kuna mtu sokoni ana chupa zenye jina linalokaribiana na letu, na tumeshauriwa tusajili alama ya biashara. Mmoja anasema itagharimu laki tatu, mwingine anasema milioni mbili na nusu, na wote wawili wanasema hizo ni pesa za serikali. Tunauza pia mishumaa na sabuni za nta, na tunafikiria kuanza mvinyo wa asali. Ukweli ni upi? Na je, tuandikishe kwa jina langu, la mume wangu, au tufungue kampuni kwanza? Wateja wetu wengine wanatoka Kongo na Kenya; huko nako tutalindwa?

Jibu

Asante kwa kuuliza kabla ya kulipa, dada. Wengi huniletea swali hili wakiwa tayari wameshika risiti.

Nianze na hicho cheti mlicho nacho, maana kimewatuliza watu wengi bila sababu. Jina la biashara ni utambulisho: linaiambia serikali kwamba nyuma ya duka lile kuna fulani na fulani. Halimzuii jirani kubandika jina kama lenu kwenye chupa zake. Kinachomzuia ni alama ya biashara, ambayo ina sheria yake, ya mwaka 2010, na daftari lake. Watu huchanganya kwa sababu yote hufanyika chini ya paa moja, URSB, ofisi ya serikali ya huduma za usajili. Jina la biashara liko hapo, kampuni hapo, hata ndoa za kiserikali zinaandikishwa hapo. Mtu akishalipa mara moja anaona amemaliza. Leseni ya manispaa nayo si alama ya biashara, wala alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, wala ile mistari myeusi ya kuskani kwenye lebo. Kila kimoja kinalipiwa kivyake.

Sasa hizo laki tatu na milioni mbili na nusu. Huenda hakuna aliyekudanganya kuhusu jumla, lakini wote wawili wamekudanganya waliposema ni za serikali.

Pesa ya serikali hulipwa URSB kwa hatua: kuna ada ya kupekua daftari, yaani kutazama kama jina lina mwenyewe tayari, ya kupeleka maombi, na ya usajili wenyewe mwishoni. Kwa Mganda, kila hatua huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Haifiki mamilioni. Mgeni, au kampuni iliyosajiliwa nje, hutozwa kwa dola na hulipa mara nyingi zaidi ya hapo. Mtu binafsi na kampuni ya hapa nyumbani hawatofautishwi: mama mwenye mizinga ishirini analipa ada ileile anayolipa mwenye kiwanda. Hakuna wa kumpa pesa hiyo mkononi. Mfumo unakutolea namba ya malipo, ile PRN, unalipa benki au kwa simu. Anayekuambia "nipe taslimu nikakulipie dirishani", mwombe PRN kwanza uone imeandikwa kiasi gani.

Nje ya ada za URSB kuna tangazo. Msajili akishakubali maombi yako, sheria inataka yatangazwe katika Gazeti la Serikali ili umma uone. Tangazo hilo lina bei yake, na ndilo linalosahaulika zaidi katika hesabu za watu. Nimeona maombi mazuri yamelala miezi kwa sababu mwenyewe hakujua kwamba bado kuna pesa ya gazeti.

Halafu kuna wakili. Hapa ndipo laki hugeuka milioni, na nasema hivi nikiwa mmoja wao. Ada ya wakili ni halali. Kazi ipo, na hatari ya kukosea ipo. Ila una haki ya kuiona ikiwa imetengwa. Mwambie akuandikie karatasi yenye mistari miwili: hizi ni ada za serikali kwa kila hatua, hii ni yangu. Kama amesajiliwa kwa VAT ataongeza asilimia 18 juu ya ada yake mwenyewe, si juu ya pesa anazokulipia serikalini. Akikataa kuzitenga, tafuta mwingine. Mganda mwenye anwani hapa nchini anaweza pia kupeleka maombi mwenyewe, na siku hizi hata kwa mtandao. Maoni yangu ni haya: kama jina ni safi na upekuzi haukuonyesha tatizo, fanyeni wenyewe. Msajili akiwaandikia barua ya kukataa, au mtu akiweka pingamizi, hapo msibane matumizi, mtafute wakili.

Kitakachoamua bili yenu kuliko hayo yote ni idadi ya makundi. Uganda inafuata mgawanyo wa kimataifa wa bidhaa na huduma, makundi 45: kuanzia la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Alama husajiliwa kwa kundi, na ada huhesabiwa kwa kundi. Tazama biashara yenu kwa jicho hilo. Asali ni kundi la 30, pamoja na kahawa, chai, unga na mkate. Mishumaa ni kundi la 4. Sabuni ni la 3. Mvinyo wa asali ni la 33, lakini mkitengeneza kinywaji cha asali kisicho na kileo mnahamia la 32. Nta ni ileile iliyotoka kwenye mzinga mmoja, lakini mbele ya Msajili imekwenda njia mbili.

Kwa hiyo ukiniuliza "alama yetu ni shilingi ngapi", swali langu ni: kwa makundi mangapi? Manne ni karibu mara nne ya ada. Hapo ndipo watu wawili wanaweza kukutajia bei mbili mbalimbali kwa kazi yenye jina lilelile, mmoja amehesabu asali peke yake, mwingine amebeba kila kitu mlichowahi kukitaja.

Mimi ningeanza na kundi la 30 na la 3. Asali ndiyo inayowalisha, na sabuni ndiyo rahisi zaidi kuigwa, maana mtu anahitaji sufuria na lebo tu. Mishumaa ingesubiri. Mvinyo bado ni wazo, na sheria haipendi mtu anayekalia kundi asilolitumia: alama isiyotumika kwa miaka mfululizo inaweza kuombewa ifutwe na mtu mwingine. Lakini siku mtakapoamua kweli kuutengeneza, pelekeni maombi ya kundi la 33 kabla ya chupa ya kwanza kutoka.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua katika barua yako, ambalo hukuliuliza. Jina lenyewe.

"Asali Safi Arua." Tulichukue neno kwa neno kama atakavyolichukua mkaguzi. "Asali" ni bidhaa yenyewe. "Safi" ni sifa ya bidhaa. "Arua" ni mahali inapotoka. Sheria yetu haitoi umiliki wa neno linaloeleza moja kwa moja aina au ubora wa bidhaa, wala jina la mahali katika maana yake ya kawaida, na sababu yake ni ya haki kabisa: kila mfugaji wa nyuki wa West Nile, eneo letu hili la Arua, ana haki ya kuandika kwenye chupa yake kwamba hii ni asali, ni safi, na ni ya Arua. Ukipewa maneno hayo wewe peke yako, wenzako waandike nini? Kwa hiyo mnaweza kulipia upekuzi, mkalipia maombi, mkangoja, kisha mkapokea barua ya kukataliwa. Ada hairudi. Kuna mlango mdogo kwa anayeweza kuthibitisha kwamba kwa matumizi ya muda mrefu jina limekuja kumaanisha yeye tu machoni pa wanunuzi, lakini ushahidi wake ni mzito na unagharimu. Kwa biashara ya miaka michache singewashauri muuguse.

Na yule wa sokoni? Kwa sasa alama yenu haijasajiliwa, kwa hiyo hamwezi kumshtaki kwa kuivunja. Mahakama inatambua dai la mtu kuuza bidhaa zake kana kwamba ni za mwingine, ila lazima mthibitishe kwamba wanunuzi wanawajua nyinyi kwa jina na mwonekano ule, na kwamba amewapotosha. Nunueni chupa yake moja, mdai risiti, mpige picha lebo yake na yenu pamoja, mziweke na tarehe. Hazitaharibika kwa kukaa.

Jina lenye nguvu ni lile lisilohusiana na bidhaa. Kwenye asali, neno "Ngalawa" lina nguvu kuliko "Tamu", kwa sababu hakuna mfugaji nyuki mwingine anayelihitaji ili aeleze anachouza. Najua inauma kuacha jina ambalo wateja wameshalizoea. Si lazima mliache siku moja. Tafuteni neno jipya liwe ndilo chapa, lichapwe kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo mwandike "asali safi ya Arua" kama maelezo. Wateja watawafuata, mtakuwa na kitu kinachoweza kusajiliwa, na maelezo yale mtaendelea kuyatumia kama kila mtu.

Mkishapata neno, pekueni kabla hamjachapa chochote. Kuna mzee mmoja, msagaji wa unga, alikuja ofisini kwangu na gunia begani. Nilidhani ameniletea unga. Alipolifungua ilikuwa mifuko mitupu ya kilo tano, imechapwa rangi tatu, mingine bado imeshikana kwa wino. Alitaka tu "kuweka muhuri wa serikali" kwenye jina. Tulipekua daftari, na lilikuwapo tayari jina linalosikika karibu sawa na lake, katika kundi hilohilo la 30, la mtu asiyemjua. Tahajia zilitofautiana kwa herufi mbili, lakini Msajili hatazami tahajia peke yake: anasikiliza neno linavyotamkwa, anaangalia mwonekano, anafikiria mnunuzi wa kawaida dukani atakumbuka nini. Kuchapa mifuko kulikuwa kumemla pesa nyingi mara kadhaa kuliko safari nzima ya usajili. Mara ya mwisho kumwona, wanawe walikuwa wamekaa kibarazani wakibandika karatasi juu ya jina la zamani, mfuko mmoja baada ya mwingine.

Ada ya upekuzi ndiyo pesa yenye faida kubwa kuliko zote katika orodha hii. Msiiruke kwa sababu eti mmetafuta kwenye intaneti hamkuona kitu.

Kuhusu lebo: neno peke yake na mchoro peke yake ni alama mbili, maombi mawili, ada mara mbili. Pesa ikiwa haitoshi, sajilini neno kwanza, kwa herufi za kawaida. Mchoro hubadilika kila mkipata mchoraji mpya, neno hubaki. Na mkija kusajili mchoro, upelekeni bila rangi; alama iliyosajiliwa bila kuwekewa mipaka ya rangi huhesabiwa kuwa ya rangi zote.

Baada ya tangazo kutoka, kuna siku 60 ambazo mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Zikipita kimya, mnalipa ada ya usajili na kupata cheti. Pingamizi likija, hesabu yote niliyowapa hapo juu inakufa. Wapenzi wa kahawa wa Kampala wanaikumbuka kesi ya Nairobi Java House, iliyokuja kutoka Kenya kusajili alama zake Uganda ikapingwa na kampuni yenye Cafe Javas. Msajili alikubaliana na wapinzani, wenye maombi wakakata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaugeuza uamuzi huo. Mgogoro wote ulizunguka neno "Java", ambalo wanywaji wengi duniani hulitumia kumaanisha kahawa tu. Kampuni kubwa zinaweza kumudu miaka ya namna hiyo. Nyinyi hamwezi, ndiyo maana nawasukuma mtafute neno ambalo hakuna mwenye sababu ya kuligombania.

Nani aandikwe kuwa mwenye alama? Jina la biashara si mtu mbele ya sheria, kwa hiyo alama haiwezi kumilikiwa na jina la biashara. Itamilikiwa na mtu aliye nyuma yake. Mna njia tatu. Mnaweza kuiandikisha kwa jina la mmoja wenu, kwa majina yenu wote wawili, au kwa kampuni. Msifungue kampuni kwa ajili ya alama peke yake, maana kampuni ina gharama zake kila mwaka, za taarifa na za kodi. Ikiwa kazi mnafanya wote wawili, na nimesoma barua yako nikaona neno "tunafunga", basi yaandikwe majina yote mawili. Nasema hili kwa msisitizo. Nimekaa na wajane ambao walisuka chapa kwa mikono yao miaka kumi, kisha ndugu wa marehemu wakaja na cheti chenye jina moja tu. Siku mkifungua kampuni, mtaihamishia alama kwa hati ya uhamisho na kuiandikisha kwa Msajili. Kuna ada na ushuru wa stempu, lakini ni jambo linalofanyika.

Jambo moja zaidi hapo. Msimruhusu mtu "aandikishe kwa jina lake kwanza kwa sababu ana akaunti kwenye mfumo". Awe mpwa, awe mchoraji, awe wakili. Akaunti inaweza kuwa yake, lakini sehemu ya mwenye alama iandikwe nyinyi, na muone nakala ya maombi kabla hayajatumwa.

Cheti cha kwanza kinadumu miaka 7, ikihesabiwa tangu siku mliyopeleka maombi, si siku mliyopewa karatasi. Baada ya hapo mnahuisha kwa miaka 10 kila mara. Andikeni tarehe hiyo mahali pasipopotea. Miaka 7 ni mirefu vya kutosha kubadilisha simu mara nne.

Kongo na Kenya. Cheti cha Uganda kinaishia mpakani. Hakuna cheti kimoja cha Afrika Mashariki nzima. Kenya mnasajili KIPI mjini Nairobi, Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ina ofisi yake peke yake, na Kongo ni Kinshasa. Iko njia ya ARIPO, shirika la Afrika la mali ya ubunifu lenye makao Harare, ambako maombi mamoja hulenga nchi kadhaa chini ya Itifaki ya Banjul, lakini kwa ukubwa wa mfuko wenu na kwa nchi mnazozitaja singewapeleka huko. Kitakachowafaa ni hiki: Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo zote zimo katika Mkataba wa Paris, makubaliano ya kimataifa ya kulinda alama na uvumbuzi. Mkishapeleka maombi hapa, mna miezi 6 ya kupeleka kwingine na kuhesabiwa kana kwamba mlifika siku ileile mliyofika Uganda. Kwa hiyo hamhitaji pesa za nchi tatu kwa siku moja. Pelekeni hapa, kisha mtumie miezi hiyo sita kuangalia daftari lenu la mauzo: kama wanunuzi wa Kongo wanabeba jerikeni tu na kwenda kufunga upya kwa majina yao, cheti cha Kinshasa hakitawasaidia sana. Kama chupa zenyewe zenye lebo yenu ndizo zinazovuka, basi nchi hiyo ndiyo ya pili.

Hamna haja ya kupanda basi la usiku kwenda Kololo, Kampala, yaliko makao makuu ya URSB, kwa hili. URSB ina ofisi hapo Arua. Kaeni usiku mmoja na mume wako, muandike majina matatu mnayoyapenda, lisiwemo lenye "asali", "tamu" wala jina la mji. Muite watoto wayatamke, mwone kama yanakanganya. Kisha muende ofisini na karatasi hiyo mwombe upekuzi katika kundi la 30 na la 3, mkianzia na lile la juu. Na mwenye mashine ya kuchapa lebo mwambieni angoje.